Apitie Wapi? Tafakari ya Safari Moja ya Kurudi Kiriba



Uwanja wa ndege mkubwa kuliko yote nchini mwetu una jina la mtu wa Mara. Tangu mwaka 2006 uwanja wa Dar es Salaam unaitwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Jengo lake la tatu la abiria, lililozinduliwa Agosti 2019, limejengwa kwa ajili ya abiria milioni 6 kwa mwaka. Mwalimu mwenyewe alizaliwa Butiama, na amezikwa Butiama. Lakini mtu wa Butiama, wa Bunda au wa kwetu Kiriba anayetaka kupanda ndege, mara nyingi hawezi kubeba begi lake akaenda tu Musoma mjini. Uwanja wa Musoma upo, tena mjini kabisa. Kwa miaka mingi ulikuwa wa changarawe, na Serikali imekuwa ikiujenga kwa lami. Sisi tumeendelea kusubiri na kusafiri kwa njia nyingine. Ndiyo maana safari ya ndege ya mtu wa kwetu huanza na swali ambalo mtu wa Dar es Salaam hana haja ya kujiuliza: nipitie wapi?

Swali hilo liliwahi kuwekwa mbele ya familia yetu kwa uzito ambao sikuutegemea. Ninawashirikisha, ndugu mafrateri na waamini wenzangu, kwa sababu nililiona likifanya kazi ileile ambayo sisi wanafunzi wa falsafa tunaisoma vitabuni kwa jina la busara.

Dada yangu mkubwa anafanya kazi za ndani Muscat, Oman. Alikuwa hajarudi nyumbani kwa miaka minne. Bibi yetu mzaa baba, ambaye ndiye aliyemlea, alianza kudhoofika. Kwanza aliacha kwenda shambani, halafu akaacha kutoka hadi kwenye mwembe, na mwishoni alikuwa mtu wa kitandani na kwenye kigoda cha mlangoni. Katika hali hiyo alikuwa akimtaja dada kila siku. Mganga mkuu wa zahanati alituambia kwa upole kwamba kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe. Dada akaomba ruhusa kwa mwajiri wake, akapewa siku 14, zikihesabiwa tangu siku anayoondoka hadi siku anayorudi kazini. Siku 14 zote, safari ikiwemo.

Mimi nilikuwa nyumbani likizo. Baba mdogo aliitisha kikao cha familia: yeye, mama, shangazi, mimi, na kaka yetu wa Mwanza kwa njia ya simu iliyowekwa sauti kubwa juu ya kigoda. Ajenda ilikuwa moja tu. Dada alikuwa ametuma bei za tiketi, na alitaka jibu kabla ya jioni.

Njia zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa Muscat hadi Dar es Salaam, kisha ndege ya ndani hadi Mwanza, zote kwa tiketi moja. Kutoka Mwanza ni barabara ya kama kilomita 220 hadi Musoma, kupitia Magu, Lamadi na Bunda, halafu kipande cha kuja kwetu Majita. Njia ya pili ilikuwa kupitia uwanja mwingine wa Ghuba hadi Nairobi, kisha basi kupitia Narok, Kisii na Migori hadi mpakani Isebania na Sirari, halafu Tarime na Musoma. Ya tatu ilikuwa kutua Kilimanjaro, uwanja uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Arusha na Moshi. Ya nne ilikuwa kushuka Dar es Salaam na kumalizia kwa basi, zaidi ya kilomita 1,300.

Ya nne ilikataliwa na wote bila mjadala. Ya tatu haikudumu dakika tano. Kwenye ramani Arusha inaonekana jirani ya Musoma, lakini kati yao kuna Ngorongoro na Serengeti. Basi linalokatiza huko huwatoza abiria ada za hifadhi, na barabara yake si ya kumpitisha mtu aliyekesha ndani ya ndege. Zikabaki mbili: Nairobi na Mwanza, uwanja mkubwa wa jirani na uwanja mdogo wa kwetu.

Nairobi ilikuwa nafuu. Tofauti ya nauli ilikuwa sawa na bei ya ng'ombe mmoja mzuri. Kwa familia yetu ng'ombe mmoja ni ada ya shule, au mabati ya chumba kimoja, au matibabu ya mwaka. Baba mdogo, ambaye ni mchuuzi wa samaki tangu ujana wake, aliiweka hoja yake hivi: "Samaki wetu wa ziwa hili wanapita Nairobi na Entebbe kwenda Ulaya. Kama sangara anapita Nairobi, mtu atashindwaje?"

Hoja ya baba mdogo si ya mzaha. Kwa muda mrefu minofu ya sangara kutoka viwanda vya Mwanza imekuwa ikipakiwa kwenye malori ya baridi na kuvushwa mpaka, ikapande ndege katika nchi jirani. Ziwa ni letu na samaki ni wetu, ila ndege kubwa za mizigo zilikuwa kwa wenzetu. Air Tanzania ilipopokea ndege yake ya mizigo aina ya Boeing 767-300F mwezi Juni 2023, moja ya mambo yaliyozungumzwa sana ni hilo hilo la mizigo yetu kupitia viwanja vya wenzetu.

Kwa nini mambo yanakuwa hivyo? Nilimweleza baba mdogo kwa hesabu ndogo. Chukua miji 10. Ukitaka kila mji uwe na ndege ya moja kwa moja kwenda kila mji mwingine, unahitaji njia 45. Ukichagua mji mmoja uwe kitovu na wote wapitie hapo, unahitaji njia 9 tu. Ndege chache zinajaa vizuri, kiti kinakuwa rahisi, na kampuni inapata faida. Ndivyo Addis Ababa, Nairobi na Doha zinavyoishi. Kitovu kinakusanya watu wa kila mahali, kwa hiyo kina safari nyingi. Na kwa kuwa kina safari nyingi, kila mtu anakikimbilia. Uwanja mdogo unapitia kinyume chake. Una safari chache kwa sababu abiria ni wachache, na abiria ni wachache kwa sababu safari ni chache.

Baba mdogo akasema, "Basi wewe mwenyewe umeshasema Nairobi." Nikamjibu kwamba hesabu hiyo inaeleza kwa nini tiketi ya Nairobi ni rahisi. Haijaeleza bado kama safari ya kupitia Nairobi ni rahisi.

Hapo tulianza kuhesabu upya. Shangazi ndiye aliyetuongoza, kwa sababu yeye huuza dagaa hadi Sirari na anaijua njia ile. Dada angetua Nairobi alfajiri akiwa hajalala. Kutoka hapo hadi mpakani ni karibu kilomita 400 za basi. Kituo cha Sirari na Isebania ni cha pamoja, kwa hiyo taratibu za nchi mbili zinafanyika mahali pamoja, lakini mwanamke mwenye mabegi makubwa ya miaka minne hawezi kufika pale usiku peke yake. Lazima mtu wa nyumbani aende kumpokea, alale nyumba ya wageni, ale, na warudi wawili. Mabegi yatalipiwa kwenye basi la kwanza na la pili. Kufika Kiriba ingekuwa siku ya tatu asubuhi. Wakati wa kurudi, mambo ni yale yale kwa mpangilio wa kugeuza. Tulipomaliza kujumlisha, ng'ombe wetu alikuwa amekonda mno. Shangazi alicheka akasema sasa tunabishania mbuzi.

Halafu tukahesabu siku. Kwa njia ya Mwanza, dada angelala nyumbani usiku 11. Kwa njia ya Nairobi, usiku 9. Tiketi haina mahali pa kuandika usiku huo mbili. Bei iliyoandikwa kwenye tiketi ni bei ya angani tu. Sehemu iliyobaki hulipwa ardhini, na mara nyingi hulipwa na watu ambao hata hawasafiri.

Mama alikuwa kimya muda wote. Alipozungumza, alitoa jambo lililokuwa limekaa moyoni mwake: aliogopa viwanja vidogo vya ziwani. Sote tulijua anafikiria nini. Jumapili asubuhi, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 kati yao walifariki dunia. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Sisi watu wa ziwa hatuwezi kulisikia jambo hilo kama habari ya mbali. Mitumbwi ile inafanana na yetu, na maji yale ni haya haya yanayopiga ufukwe wa Majita. Mimi nasoma Bukoba, na kila ninapoona ndege ikishuka kuelekea pale karibu na maji, huwa nawaombea walio ndani.

Hofu ya mama ilistahili jibu la kweli, maana kuambiwa tu "usiogope" hakumsaidii mtu. Jibu la kweli ni kwamba neno "uwanja mdogo" linabeba vitu tofauti. Mwanza ni mdogo ukiulinganisha na Nairobi kwa wingi wa safari, lakini barabara yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 3, na ndege za jeti hutua hapo siku zote. Udogo wa ratiba na udogo wa lami si kitu kimoja. Na kama ni hatari, basi tuiweke mezani na barabara ya usiku kutoka mpakani, yenye malori, ng'ombe na pikipiki zisizo na taa. Mama alikubali kuwa hilo nalo linaogopesha, na kwamba hakuwa amelifikiria kwa sababu tumelizoea.

Kaka wa Mwanza naye akaleta tahadhari ya upande wa pili, ili tusiipambe njia ya Mwanza kupita kiasi. Uwanja unaotegemea ndege chache huumia haraka. Mwaka 2022, Air Tanzania ilipolazimika kusimamisha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kwa matatizo ya injini yaliyozikumba ndege za aina hiyo duniani, ratiba za ndani zilitikisika. Nairobi, ukikosa ndege ya asubuhi, unaweza kupata nyingine. Kwenye uwanja mdogo unaweza kusubiri kesho. Ndiyo maana alisisitiza tiketi iwe moja tangu Muscat hadi Mwanza. Ukinunua tiketi mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari na wewe, na hasara ni yako. Ikiwa tiketi ni moja, kampuni iliyokuuzia ina wajibu wa kukufikisha. Tena mzigo: safari za nje kwa kawaida hukuruhusu kilo nyingi kuliko za ndani, na mtu mwenye tiketi mbili hujikuta analipia kaunta ya pili blanketi ambazo ya kwanza ilizipokea bila neno.

Tulikuwa tumezungumza karibu saa mbili. Baba mdogo akanigeukia: "Haya Frateri, wewe unayesoma falsafa, hitimisha."

Sikuwa na la kuhitimisha, lakini nilikuwa na swali. Aristotle anafundisha kwamba tunaposhauriana, hatushauriani juu ya lengo. Daktari hakai kikao kuamua kama aponye. Anashauriana juu ya njia za kuponya. Sisi tulikuwa tumeshughulika na njia kwa bidii sana, lakini lengo kila mmoja alikuwa nalo la kwake. Baba mdogo alitaka kuokoa fedha, shangazi alitaka kupunguza usumbufu, mama alitaka usalama, na kaka alitaka uhakika wa ratiba. Yote ni mema. Lakini safari hii ilikuwa ya nani, na kwa ajili ya nini? Dada alikuwa anakuja kwa ajili ya Bibi, naye Bibi alikuwa chumba cha pili, macho, akitusikia. Nikaomba tumuulize.

Alituambia neno moja: aje mchana.

Macho yake yalikuwa yamefifia. Mwanga wa taa ya sola haukumtosha, na jioni watu wote walikuwa kwake vivuli na sauti. Mchana, akikaa mlangoni, bado aliweza kuona uso wa mtu aliyeinama mbele yake. Akasema, "Usiku nitamsikia tu. Nimemsikia miaka minne kwenye simu. Nataka kumwona."

Baada ya hapo hapakuwa na mjadala. Ndege ya asubuhi kutoka Dar es Salaam ingemfikisha dada Mwanza kabla ya saa nne. Kaka angempokea na gari, na saa kumi jioni wangekuwa uani jua likiwa bado juu. Baba mdogo, aliyekuwa wakili wa Nairobi, ndiye aliyesema kwanza: "Apitie Mwanza." Tofauti ya fedha iliyobaki ilitolewa na kaka pamoja na shangazi, ambaye aliuza magunia yake ya dagaa wiki ile bila kungoja bei ipande.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anaeleza kuwa busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu lililo bora, na kuamuru litendeke. Anasema la tatu ndilo kuu, kwa sababu mtu anaweza kushauriana vizuri na kuhukumu vizuri, kisha asitende. Nilikuwa nimelisoma hilo nikajibu mtihani. Kiriba nililiona lina magunia ya dagaa ndani yake. Thomas anasema pia kwamba sehemu mojawapo ya busara ni kuwa tayari kufundishwa, hasa na wazee, kwa kuwa mambo ya kutenda ni mengi mno na hakuna mtu mmoja anayeweza kuyaona yote. Sisi tulikuwa na bei, umbali, siku na kilo. Kigezo kilichoamua alikuwa nacho mtu asiyewahi kupanda ndege maishani mwake.

Dada alifika saa kumi na robo jioni. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili akamtazama muda mrefu, kisha akamwambia amekonda. Walikaa pamoja usiku 11. Bibi aliaga dunia wiki ya tano baada ya dada kurudi kazini. Dada alifuata mazishi kwa simu, na hakuomba tumtafutie njia ya kuja tena. Alisema alikwisha kuonwa. Raha ya milele umpe Bibi, ee Bwana.

Sasa kuna swali ambalo nililibeba kurudi nalo seminarini, na tumelijadili na wenzangu mara kadhaa. Je, tuna wajibu wa kupita kwenye uwanja mdogo ili ukue? Ndugu yangu mmoja wa darasani anasema ndiyo. Kila anayekwenda kwenye uwanja mkubwa kwa ajili ya unafuu anaongeza udhaifu wa uwanja wa kwao, kisha analalamika kwamba kwao hakuna ndege. Anasema sisi watu wa pembezoni tunashiriki kujifanya pembezoni.

Ninaheshimu hoja yake, lakini naona inamtwika mzigo mtu asiyepaswa kuubeba. Mama mwenye mgonjwa wa rufaa, au binti mwenye siku 14, hana deni la kuendeleza uwanja wa ndege kwa nauli yake. Anapaswa kuchagua vema kwa ajili ya wale aliokabidhiwa. Mzigo wa kuvunja ule mzunguko wa abiria wachache na safari chache ni wa wenye uwezo wa kuubeba. Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yana neno kwa hilo. Papa Pius XI, mwaka 1931, katika waraka wake Quadragesimo Anno, alifundisha kwamba si haki chombo kikubwa kunyang'anya chombo kidogo kazi ambayo kidogo kinaweza kuifanya. Watu wengi hukumbuka nusu hiyo tu. Lakini jina la kanuni hiyo linatokana na neno la Kilatini subsidium, yaani msaada. Mkubwa anapaswa kumsaidia mdogo asimame. Uwanja wa Musoma ukikamilika na kuhudumiwa vizuri, hautashindana na Dar es Salaam, wala hautafuta umuhimu wa Mwanza. Utafanya kile unachoweza: kumtoa mgonjwa kabla hajabebwa saa nne barabarani, na kumleta mtu nyumbani kabla jua halijazama. Wanaopima thamani yake kwa idadi ya abiria peke yake hawatauona umuhimu huo.

Waamini mnalijua jambo hili vizuri kuliko wachumi, maana mnaliishi kwenye vigango. Parokiani kuna Misa kila siku, kwaya kubwa na vipaza sauti. Kigangoni padre anafika labda mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine katekista anaongoza ibada mbele ya watu 30 na watoto wao. Kwa hesabu ya njia 9 na njia 45, kigango hakina faida: wote wangekuja parokiani. Lakini Kanisa halikufuata hesabu hiyo, kwa sababu lilimuuliza mtu wa kigangoni anahitaji nini. Bibi yetu, kwa miaka yake ya mwisho ya kutembea, aliweza kufika kigangoni kwa fimbo. Parokiani asingefika. Kigango kile kidogo ndicho kilichomfanya aendelee kuwa mkristo anayesali pamoja na wengine hadi miguu ilipokataa. Na hakikusimama chenyewe. Parokia ilikitegemeza, na katekista alikipa Jumapili zake zote.

Kwetu mafrateri, jambo hili lina uzito wake. Siku moja, Mungu akipenda, tutatumwa, na kati yetu wako watakaotumwa kwenye vigango ambavyo ratiba yake inafanana na ya uwanja mdogo. Ni vizuri tujizoeze mapema kuuliza swali la Bibi. Kabla ya kupima umbali, mapato na wingi wa watu, tuulize anayengojea mwisho wa njia anahitaji nini, na tumuulize mwenyewe.

Na kwa wasomaji ambao wiki hii mna ndugu wa kumkatia tiketi, nawaachia yale tuliyojifunza sebuleni kwetu. Jumlisheni gharama hadi mlangoni, msiishie uwanjani. Hesabuni usiku mtakaolala pamoja, kama mnavyohesabu fedha. Mkiunganisha ndege, tafuteni tiketi iwe moja. Msafiri akifika usiku, mjue mapema nani atampokea na atalala wapi. Na kama kuna mgonjwa au mzee anayesubiriwa kuonwa, mwingizeni kwenye kikao kabla hamjalipa.

Tuwaombee ndugu zetu walio Ghuba na kwingineko, wanaohesabu siku za ruhusa kwa vidole. Tuwaombee pia marehemu wa ajali ya Bukoba na wavuvi waliopiga makasia kuwafuata. Mungu awabariki.